Shuka kwa Mbweha

Bi Crispina Segundo hakujua kusoma, wala hakuwa mtu wa kukubali kwamba hilo lilimpunguzia kitu. Herufi alizijua chache, zile zilizochapwa kwenye magunia, na tarakimu alizijua zote kwa sababu ndizo zilizomlisha. Yaliyobaki aliwaachia wenye nafasi. Waliojenga metro ya Jiji la Mexico walijua mji umejaa watu wa aina yake, kwa hiyo kila kituo wakakipa jina na picha: hapa sanduku la matufaha, pale bata, kwingine kengele, mzinga wa vita, kipepeo, panzi juu ya kilima. Msomi alishuka Candelaria, Bi Crispina alishuka kwa Bata, na wote wawili walifika. Tena alipenda kusema kwamba yeye ndiye anayetangulia, maana msomi lazima asimame kwanza asome.

Kazi yake ilikuwa kuuza majani ya dungusi ya kupikwa katika soko la Merced. Jani alilishika kwa mkono wa kushoto, kisu kikazunguka ukingoni, kisha kikapita juu ya uso wa jani kama wembe shavuni, na miiba ikamdondokea kwenye aproni. Hakuhitaji kutazama. Alimenya huku akibishana bei, huku akimsema aliyepita, huku akimwombea mgonjwa wa jirani. Vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye mikunjo, na kijani hicho hakikutoka hata siku ya kwenda kanisani. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, watoto wake walikuwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Katika chumba kimoja nyuma ya soko alibaki na mama yake, Bi Tiburcia, mzee ambaye miaka yake ilikuwa haiulizwi tena, na macho yake yalikuwa yamezimika.

Kwa muda mrefu Bi Crispina aliujua mji kutoka kibandani hadi kitandani, basi. Ni pale alipopewa kadi ya wazee, ile ya kupita getini bila kulipa, ndipo alipoanza kutembea. Jumapili mchana, akishamlisha mama yake na kumlaza, alishuka ngazi za metro akachagua picha. Leo nashuka kwa Simba. Akashuka kwa Simba, akazunguka mitaa miwili mitatu, akatazama milango ya watu na miti yao na nguo zao kwenye kamba, akala kikombe cha mahindi yaliyotiwa ndimu na pilipili, akarudi. Jumapili nyingine kwa Korongo, nyingine kwa Bakuli la Maji. Hakununua kitu kingine na hakumtembelea mtu. Alimwambia mama yake kwamba amekaa mji huu tangu mtoto na mji ulikuwa umemficha uso, sasa yeye ameufunua ushungi. Na mama yake, ambaye Kihispania kilikuwa kimemtoka pamoja na meno, akabaki na Kimazahua cha kwao milimani, alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali lake lilelile: na Anselmo, umemwona?

Anselmo alikuwa mtoto wa mwisho. Baba yao alipokufa walishuka kutoka milimani, upande wa San Felipe, mama akatandaza machungwa kando ya barabara, amevaa sketi zake za mikunjo mingi na mkanda mpana wa sufu kama wanawake wote wa kwao. Watu wa mjini waliowapita waliwaita wote jina moja, María, kana kwamba walizaliwa tumbo moja siku moja. Anselmo alikulia kwenye lami hiyo. Mama alimsemesha Kimazahua, yeye akajibu Kihispania, na hivyo ndivyo walivyoishi. Alipokuwa kijana akapata kazi ya kuchimba mahandaki ya metro. Siku moja mama akampelekea chakula, tortilla za mahindi na maharage ndani ya kitambaa, akasimama ukingoni mwa shimo akamwita kwa lugha yao. Wenzake wakacheka. Wakamwuliza, huyo María ni wako? Akasema, simjui.

Crispina alikuwa nyuma ya mama, amejitwika kikapu, na alisikia. Mama naye alisikia, maana kwa neno hilo Kihispania chake kilitosha. Akaweka kile kitambaa chini, akageuka, akarudi kwenye machungwa yake. Jioni ile Anselmo hakuja nyumbani, wala kesho yake, wala miaka thelathini na zaidi iliyofuata. Mama hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Crispina ndiye aliyelitunza, kama mtu anavyoishi na mwiba ulioingia ndani nyama ikaota juu yake.

Sasa mwaka ule Bi Tiburcia alianza kukataa chakula. Hakuwa na ugonjwa wa kuonyeshwa kwa kidole. Alikuwa anakwisha tu, taratibu, kama sabuni inavyokwisha. Akawa ameomba kitanda kigeuzwe, uso wake uelekee mlangoni, na kila hatua iliyopita uani aliinua kichwa. Swali la Anselmo likawa la asubuhi, la mchana na la jioni. Bi Crispina akatambua kwamba mama yake amekwisha kumaliza yote ya duniani, amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumngoja, na asipokuja mtu huyo mama atakufa akitega sikio mlangoni. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Bi Crispina asingemtafuta Anselmo kwa ajili yake mwenyewe hata kwa dawa. Lakini kwa mama angemtafuta.

Ndipo akaja Mzee Fidencio, mtu wa kwao, ambaye kila msimu alileta maganda ya mahindi sokoni kwa wapika tamale, wale wanaofunga unga ndani yake. Alikuwa na haraka, gari la kumrudisha milimani lilikuwa linaunguruma. Akasema habari kwa mkato: amekutana na Anselmo, yuko hai, yuko vizuri, ana duka la kutengeneza blenda, na roho inamsumbua kuhusu mama. Ametuma salamu. Wakitaka kumwona, basi iwe Jumapili.

"Shuka kwa mbweha," Mzee Fidencio akasema. "Ni nyuma ya kanisa pale. Utamkuta."

Bi Crispina hakuuliza mbweha yupi. Aulize nini? Mbweha alimjua, alishampita. Unachukua njia ya waridi mpaka kwa Mzinga, unabadilisha, unaingia njia ya kijani, unawapita Simba na Korongo na wale majemadari wawili, mbweha huyo hapo. Na Mzee Fidencio alijifunza kusoma jeshini, na kila mwaka hakukosa kulitaja hilo. Kumwuliza swali mtu kama yule ni kumpa kiti akukalie kichwani. Akamwitikia kwa kichwa tu, akaendelea kumenya. Gari likaondoka na mzee wake, na huko alikokwenda hapakuwa na simu.

Jumapili ya kwanza akavaa viatu vizuri. Akashuka kwa mbweha, Coyoacán, akapanda ngazi, akatokea kwenye barabara pana ya magari. Kanisa lilikuwa mbali, akatembea. Kulikuwa na mitaa ya mawe, kuta zilizopakwa rangi ya udongo na ya samawati, maua yaliyomwagika juu ya kuta kama nguo zilizosahauliwa nje, na watu walioongozwa na mbwa wao. Kanisa lenyewe lilikuwa kubwa, mbele yake wauza maputo. Nyuma yake palikuwa na mageti. Aliuliza fundi wa blenda, akaambiwa hapa watu blenda ikiharibika wananunua nyingine. Alikaa kwenye benchi mpaka jua likalegea, akarudi kwa mama yake, akamwambia: bado, mama.

Akaenda Jumapili ya pili, na nyingine, na nyingine. Sokoni hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini, alisema tu kwamba anakwenda kwa mbweha. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wakasema Bi Crispina amepata bwana huko Coyoacán, mjane mwenye pensheni na kasuku. Muuza jibini alimwomba amwulizie kama huyo bwana ana kaka. Yeye hakukana wala hakukubali, aliwaacha wacheke, kwa sababu kicheko hicho kilikuwa chepesi kuliko ukweli.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Hermila, muuza vitunguu wa kibanda cha tatu. Hao wawili walikuwa hawasemeshani. Zamani Bi Hermila alimwambia mteja mmoja kwamba majani ya dungusi ya Bi Crispina ni ya jana, na tangu siku hiyo hapakuwa na salamu kati yao, wala pole, wala heri ya mwaka mpya. Ikilazimu kuambizana kitu, kwa mfano maji yamekatika au mkaguzi anakuja, Bi Hermila aliviambia vitunguu vyake kwa sauti, na Bi Crispina akavisikiliza vitunguu. Kujibu, aliyajibu majani yake. Soko lote lilizoea, na wageni walidhani ni wagonjwa.

Basi katika Jumapili mojawapo, nyuma ya kanisa lile, geti moja likafunguka, gari likatoka polepole. Aliyeendesha alikuwa mwanamume wa mvi. Paji lake la uso lilikuwa la baba yao, na masikio yalikuwa ya baba yao. Bi Crispina akajiambia, ndiyo maana watu hawamjui fundi wa blenda, kumbe amepanda, ameajiri wengine. Fidencio si alisema yuko vizuri? Akaliendea lile gari, akagonga kioo, akasema kwa Kimazahua: mdogo wangu.

Kioo kikashuka. Mtu yule akamtazama, akamtazama vidole. Akatoa sarafu mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Mungu akubariki, María," akasema, na kioo kikapanda.

Bi Crispina aliiweka ile sarafu juu ya ukingo wa njia, mahali ambapo mwingine angeiona, akaenda zake. Hakulia ndani ya metro. Alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwapo, kwa maana alihofu akikaa hatainuka. Amemkana mama, sasa amenikana na mimi, ndivyo alivyosema moyoni, na mara hii hana hata wenzake wa kumcheka, amefanya kwa hiari yake. Alipofika nyumbani mama aliinua kichwa. Bi Crispina akasema tena: bado. Lakini alikuwa amekata shauri kwamba hatarudi kwa mbweha, na kwamba mama yake atadanganywa mpaka mwisho.

Siku mbili tatu alifanya kazi bila kusema na mtu. Kisha asubuhi moja mama alikataa hata maji, na mwanamke wa chumba cha pili akashauri kwamba padri aitwe. Bi Crispina akaenda sokoni kwa sababu majani yalikuwa yamekwisha kufika na yangeharibika. Akashika jani la kwanza, akajikata. Yeye, ambaye hakuwa amejikata tangu ujana. Muuza jibini akatania kwamba hayo ndiyo mapenzi ya Coyoacán, damu imeanza kumwagika. Hapo yakamtoka yote. Akasema hakuna bwana, hakuna kasuku, kuna ndugu yake wa tumbo moja, fundi wa blenda, aliyemwita nyuma ya kanisa, kisha akampa sarafu kama ombaomba kupitia dirisha la gari lake, na mama yao anakufa akimwuliza yeye.

Muuza jibini akaanza kupanga jibini yake upya.

"Vitunguu vyangu," akasema Bi Hermila kutoka kibanda cha tatu, "hebu nisaidieni. Fundi wa blenda tangu lini akakaa kwenye jumba la geti?"

Bi Crispina alikuwa anajifunga kitambaa kidoleni. Hakuinua uso.

"Na tena mniambie," Bi Hermila akaviuliza vitunguu, "mimi nikirudi kwangu Neza, kule pembeni mwa mji, kila jioni, kile kituo ninachoshuka kina picha gani? Mbuzi? Paka?"

Kitambaa kikaanguka. Bi Crispina akageuka, na watu waliokuwapo wanasema alichukua muda kama mtu anayebanduliwa ukutani.

"Hermila," akasema.

"Naam, dada."

"Mbweha wako wangapi?"

"Wawili, dada yangu. Kuna huyo wako wa matajiri, kuna wangu. Njia ile mpya, ya kijivu na kijani. Wangu ni kichwa tu, na kama utepe shingoni. Wanasema jina la kituo maana yake ni mbweha aliyefunga chakula." Bi Hermila akafuta mikono. "Neza sote tumefunga, si yeye peke yake. Lakini mafundi wa blenda, hao wako wa kumwaga. Na kanisa liko hapohapo."

Bi Crispina akamwuliza kwa nini amekaa kimya Jumapili zote zile. Bi Hermila akajibu kwamba yeye alisikia mtu anakwenda kwa mbweha akiwa amevaa viatu vizuri, akajua ana bwana, na mambo ya mtu na bwana wake yeye hayaingilii. Angeulizwa angesema. Hakuulizwa. Bi Crispina akavua aproni.

"Nenda," Bi Hermila akasema. "Nitakukalia kibanda."

"Usiwaambie watu majani yangu ni ya jana."

"Ya jana ni ya jana, dada. Ila leo nitanyamaza."

Kituo cha kubadilishia kilikuwa karibu mno. Jambo hilo lilimuuma kuliko kidole. Aliyekwenda mbali Jumapili baada ya Jumapili, alipaswa kupanda upande wa pili wa jukwaa lake mwenyewe, kumpita Bata, kushuka na kubadilisha. Akaingia njia ya kijivu na kijani. Treni ile haikukaa chini kama ndugu zake, mara ikapanda juu ya barabara kwenye mwanga, na mji ukatandazika pande zote: mapaa bapa ya saruji, matangi ya maji, nyaya, mbwa waliosimama juu ya nyumba wakibwekea treni, nguo, nguo, nguo. Hapakuwa na ukuta wa rangi wala ua lililomwagika. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuiona sehemu hiyo, naye alijidai kwamba ameufunua mji. Akasimama mlangoni akizikagua picha moja moja, na kwa mara ya kwanza maishani alimgeukia mwanamke wa pembeni, mgeni kabisa, akamwuliza: mwanangu, mbweha bado? Mwanamke akamwambia bado kidogo, bibi, nitakuonyesha. Wala dunia haikuanguka.

Nyuma ya kanisa, kwenye uchochoro wa mafundi, palikuwa na kijiduka kimoja ambacho magudulia ya blenda yalining'inia mlangoni kama mikungu. Ndani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya alikuwa ameinamia mota. Paji la uso halikuwa la baba yao. Lilikuwa la mama.

"Iache hapo mezani, mama," akasema bila kutazama. "Kesho jioni."

"Sikuleta mashine."

Akageuza upande wa sikio linalosikia, maana lile lingine lilikwisha kuharibiwa na baruti za mahandaki. Akavua miwani. Akatazama vidole vile vya kijani kabla ya kutazama uso.

"Mama yuko hai," Bi Crispina akasema. "Kwa leo."

Anselmo akakaa. Akaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio. Alisema alimtuma Fidencio. Alisema kila Jumapili baada ya misa alikwenda kukaa kwenye ngazi za kituo, chini ya ile picha, tangu mchana mpaka wauza tamale wa jioni wanafika, akiwatazama wanawake wanaotoka. Watu wakamzoea, wakawa wanamwachia viazi. Mwisho akajiambia kwamba hawaji, na kwamba ni haki yao, yeye mwenyewe asingekuja.

Bi Crispina alikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyu. Aliyatunga kwa miaka thelathini, aliyanoa kila akimenya, yalikuwa mazuri na yalikuwa ya kweli. Lakini alipomwona ameketi vile, na alipofikiri juu ya wazee wawili waliokaa Jumapili zile zile, kila mmoja chini ya mbweha wake, kila mmoja akimhukumu mwenzake, maneno hayo yakakosa mlango.

"Nilikuwa kwa mbweha," akasema. "Kila Jumapili."

"Mbweha yupi?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Lilikuwa dogo vile.

"Yule mwingine," Bi Crispina akasema.

Anselmo akafungua kinywa kama anayetaka kucheka, kisha akakifunga, akatazama chini. Akasema atakuja Jumapili. Apate kujiandaa, anyoe, anunue kitu cha kubeba. Na tena, akasema, atamwambia nini? Kimazahua kimemtoka chote, hakisikii mahali popote, hata kuota nacho haoti. Atasimama mbele ya mama kama bubu.

"Hilo ni lako," dada yake akasema. "Mimi nimekuja kukuchukua, sikuja kukufundisha."

"Jumapili, dada. Nakuapia."

Bi Crispina akavuta kigoda, akakikalia, akaweka mikono mapajani.

"Basi naingoja Jumapili hapahapa."

Anselmo alimjua dada yake. Akazima taa ya mezani, akateremsha pazia la bati.

Ndani ya treni waliketi ubavu kwa ubavu. Anselmo alikuwa anasoma majina ya vituo kwa midomo, kama watu wengine wanavyosali, na yeye alikuwa anazitaja picha kwa midomo yake, na kila mmoja aliona mwenzake anavyofanya. Walipobadilisha wakaingia njia ya chini, kioo cha dirisha kikawa cheusi, na nyuso zao zikatokea humo, zimezeeka.

"Huku nilichimba mimi," Anselmo akasema.

"Najua ulikochimba."

Akainamisha kichwa. Wakashuka kwa Sanduku la Matufaha, nyumbani.

Uani palikuwa kimya, wanawake wamesimama milangoni, na Bi Crispina alidhani amechelewa. Lakini mama yake alikuwa bado. Amelala ubavu, uso kwenye mlango, mkono mmoja nje ya blanketi. Aliposikia hatua aliinua kichwa, kidogo sana sasa, kadiri ya upana wa kidole. Akauliza kwa Kimazahua: ni nani, uliye pamoja naye?

Bi Crispina angeweza kujibu. Lilikuwa neno moja, jina moja, na ulimi ulikuwa umekwisha kuliinua. Akaliacha lishuke. Akamshika Anselmo kwa ukosi wa shati, akamsukuma mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akamwambia kwa Kihispania: anauliza wewe ni nani, mjibu mwenyewe.

Anselmo akapiga magoti. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Mtu aliweza kuona anavyolitafuta, anashuka ndani kabisa, anapapasa gizani neno lolote la mama yake, jina lake, samahani, mimi, mwanao, na yote hayapo, yamefukiwa. Mwisho likapanda neno moja, pengine la kwanza alilowahi kufundishwa, na akalisema vibaya, kwa sauti ya mtoto, kwa sababu hakuwahi kulisema akiwa mkubwa.

"Maji," akasema kwa Kimazahua.

Wale wanawake wa mlangoni hawakuelewa. Mkono wa mama ukasogea juu ya blanketi, ukapata sikio lake, lile lililokufa, ukapita kwenye mvi, ukashuka shavuni. Ukakaa hapo. Ukakaa muda.

"Crispina," Bi Tiburcia akasema. "Mbona umesimama? Mpe mdogo wako maji. Ametoka mbali."

Na Bi Crispina, ambaye hakuna aliyemtuma kitu maishani akaondoka bila kubisha, akachukua kikombe, akaenda uani kwenye bomba.